Ridhaa ya Anayesafirishwa: Kutoka Hong Kong hadi Rungwe

Sheria ya Abiria wa Kichina, iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1855, ilihusu meli zilizochukua zaidi ya abiria 20 wenyeji wa Asia kutoka Hong Kong, pamoja na meli za Kiingereza zilizong'oa nanga kwenye bandari za China. Sheria hiyo ilipima mambo mawili. La kwanza ni mwili. Kila mtu mzima alitengewa eneo la futi 12 za mraba na ujazo wa futi 72, yaani mahali penye urefu wa futi sita, upana wa futi mbili na kimo cha futi sita, na meli ilipaswa kuwa na maji, chakula na dawa za safari nzima. La pili ni nia. Kabla ya meli kuondoka, ofisa wa uhamiaji alitakiwa kujiridhisha kwamba abiria wanajua wanakokwenda na wameielewa mikataba yao. Kipimo cha pili ni kigumu kuliko cha kwanza, kwa sababu nafasi ya kulala hupimwa kwa futi, lakini hiari haina rula. Je, mtu aliyebanwa na shida akisema anakwenda kwa hiari yake, amesema kweli?

Swali hilo lilizaliwa na biashara yenyewe ya kusafirisha vibarua. Utumwa ulipoanza kupigwa marufuku, mashamba ya miwa na migodi ilitafuta vibarua wa mkataba. Kati ya 1847 na 1874 Wachina wapatao 125,000 walipelekwa Cuba peke yake. Wengi walirubuniwa au kutekwa, na wengi walifia baharini. Sheria ya 1855 ilipobana Hong Kong, mawakala walihamishia shughuli zao Macau, chini ya Wareno, hadi biashara hiyo ilipofungwa huko mwaka 1874.

Afrika Mashariki iliingia katika mfumo huo huo. Miaka ya 1890 mashamba ya Wajerumani huko Usambara yaliagiza vibarua Wachina na Wajava kutoka Singapore. Kuanzia 1896 Wahindi zaidi ya 31,000 walivuka bahari kwa mikataba kujenga reli ya Uganda. Kisha, kati ya 1904 na 1907, Wachina wapatao 63,000 walipelekwa kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Walifungwa kwa mikataba ya miaka mitatu, wakazuiwa kumiliki ardhi na kufanya biashara, na sheria ikataka warudishwe kwao mikataba ikiisha.

Dhahabu hiyo hiyo ndiyo iliyowavuta baadaye vijana wa Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanganyika. Shirika la kuandikisha vibarua wa migodi hiyo, lililoanzishwa mwaka 1900, lilijulikana vijijini kwa jina la Wenela. Mwaka 1913 uandikishaji wa watu wa nchi za joto ulipigwa marufuku kwa sababu walikuwa wakifa kwa wingi kwa nimonia. Marufuku hiyo ilipoondolewa katika miaka ya 1930, njia ya kaskazini ilifunguka tena. Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walikuwa tayari wamezoea kwenda kuchimba dhahabu Lupa na shaba Rhodesia Kaskazini. Sasa wengine walikwenda hadi Johannesburg. Miaka ya 1950 Wenela ilikuwa na ndege zake zilizowafikisha vibarua Francistown, na kutoka hapo walipanda treni.

Sheria za safari hizo zilifanana na ile ya Hong Kong. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1936 kuhusu uandikishaji wa vibarua, na ule wa 1939 kuhusu mikataba ya kazi, ilitaka kibarua apimwe afya, alipiwe nauli, na afikishwe mbele ya ofisa wa serikali ili ithibitike kwamba ameelewa na amekubali bila kulazimishwa. Katika wilaya kama Rungwe, ofisa huyo alikuwa mtu wa boma, na boma hilo hilo ndilo lililokusanya kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaweka kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Serikali iliyomfanya kijana ahitaji shilingi ndiyo iliyomuuliza kama amelazimishwa na mtu.

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba kodi iliifuta hiari. Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na udongo wa volkano, yenye migomba, ng'ombe na kahawa. Kijana aliyekwenda mgodini hakuwa akikimbia njaa. Alitaka ng'ombe wa mahari, baiskeli na nguo, na alipanga safari yake kwa akili timamu. Kumwambia kwamba kukubali kwake hakukuwa na maana ni kumnyima heshima ya mtu mzima anayejua analolitaka.

Wanafikra na dini wamelitazama suala hili kwa namna zinazokamilishana. Immanuel Kant, mwaka 1785, alitofautisha vitu vyenye bei na binadamu mwenye hadhi isiyo na bei. John Stuart Mill, mwaka 1859, alifundisha kwamba uhuru hauwezi kumruhusu mtu ajiuze utumwani, kwa kuwa kwa tendo hilo angejinyima uhuru wote uliobaki. Katika fiqhi ya Kiislamu, ridhaa ya pande mbili ni msingi wa mkataba wa ajira, na kulazimishwa huubatilisha. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kinakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka. Kanisa la Moravian, lililofika Rungwe mwaka 1891, lilibeba historia inayoonyesha ugumu wa jambo hili: wamisionari wake walikwenda mwaka 1732 kuwahubiria watumwa wa kisiwa cha St Thomas, lakini misheni hiyo baadaye ikamiliki watumwa yenyewe.

Mafundisho hayo yanahamisha swali kutoka siku ya kuondoka hadi siku zinazofuata. Ridhaa iliyo hai huweza kuondolewa. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya Tanganyika, ya 1923, ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Aliyeweka dole gumba leo angeweza kufungwa kesho kwa kubadili nia. Hapo ndipo sheria ilipokosea, hata kama ofisa aliuliza kwa uaminifu. Iliheshimu kukubali kwa dakika moja, ikaadhibu kukataa kwa miezi yote iliyobaki. Mkataba wa kimataifa wa 1939 ulitaka adhabu za namna hiyo zifutwe hatua kwa hatua, na mwingine wa 1955 ukataka zifutwe kabisa.

Kinachoipa ridhaa uzito kiko nje ya karatasi. Mchina aliyekuwa katikati ya bahari hakuwa na pa kushukia. Kijana wa Rungwe alikuwa na kijiji cha rika lake, kwa desturi ya Wanyakyusa ya wavulana kujijengea kijiji chao, desturi ambayo Godfrey na Monica Wilson waliichunguza kati ya 1934 na 1938. Alikuwa na ng'ombe wa ukoo na haki ya kulima. Aliyeweza kubaki nyumbani na kula ndiye aliyekwenda kwa hiari zaidi. Kadiri ardhi inavyopungua, hiari nayo hupungua, ingawa maneno ya mkataba hayajabadilika.

Baada ya uhuru wa 1961, Tanganyika ilisitisha uandikishaji wa vibarua kwenda migodi ya Afrika Kusini. Swali lenyewe halikuisha, maana leo wapo wasichana wanaosafiri kwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, na baadhi yao hunyang'anywa pasipoti wakifika. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu inasema kwamba kukubali kwa mhanga si hoja pale palipotumika hila, vitisho au kutumia vibaya udhaifu wake, na Tanzania ilitunga sheria yake ya kupambana na uovu huo mwaka 2008. Kwa hiyo ulinzi wa kweli wa anayesafiri kwenda kazini una masharti matatu: aambiwe ukweli kabla ya kuondoka, aweze kuacha kazi bila kuadhibiwa, na awe na njia na mahali pa kurudi. Sheria inayotimiza la kwanza peke yake imemlinda mwajiri zaidi kuliko msafiri.