WAZO LA LEO: Subira ya Cicely Tyson

Marehemu Cicely Tyson, mwigizaji mweusi wa Marekani aliyezaliwa New York mwaka 1924 na wazazi waliohajiri kutoka kisiwa cha Nevis, alikuwa na mama mcha Mungu ambaye, kwa kuuhesabu uigizaji kuwa ni maasia, alimfukuza nyumbani bintiye alipoingia katika sanaa hiyo. Naye binti hakurudi nyuma. Mwaka 1963 alionekana katika televisheni ya Marekani na nywele zake za asili, na baada ya filamu ya *Sounder* ya mwaka 1972 aliazimu kutopokea kazi yoyote yenye kuwadhalilisha watu weusi wenziwe, ijapokuwa azma hiyo ilimwacha mara nyingi bila ya kazi. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo adhama yake, kwani kukataa riziki ni jambo zito kuliko kushangiliwa. Mwaka 1974 aliigiza maisha ya Jane Pittman, mhusika wa kubuniwa aliyezaliwa utumwani, tangu ujana hata umri wa miaka 110. Na tuzo ya Tony, ambayo ni fahari ya jukwaa la Broadway, aliipokea mwaka 2013, akiwa na miaka 88.