Mti wa Krismasi wa Matawi ya Chai



Vijana waliniletea bajeti ya mti wa plastiki na taa zake: shilingi 6,500. Mimi ni mtu wa hesabu, nikakataa. Tukafunga pamoja matawi makavu ya chai iliyopruniwa, tukayasimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Mapambo ni risiti za majani, tumezikunja ziwe nyota.

Ninyi wakulima mnajua: ukishapruni chai hubaki vijiti vitupu, halafu inachipua. Isaya 11:1 inamtangaza Mwokozi hivyo hivyo, chipukizi kutoka kisiki cha Yese.

Lakini ndani ya Biblia yangu kulikuwa na karatasi nyingine. Ndugu mmoja wa hapa kanisani nilimkopesha shilingi 4,000. Bonasi ya Oktoba ikaja, hakulipa, na tangu hapo tunakwepana mlangoni. Kolosai 2:14 inasema hati ya deni letu ilipigiliwa msalabani. Langu lilifutwa, lake je? Hesabu zangu zilikataa, mkono ukatii: nikaikunja, nikaitundika. Kisha nikaenda kwake kumwambia.

Mpendwa, Jumapili njoo na karatasi yako. Usiandike jina. Tundika tu.

Amina.