Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Kaskazini ya mbali ya Nyuzilandi kuna ufuo uitwao Ninety Mile Beach, ingawa urefu wake ni kilomita 88 hivi tu. Mawimbi huutupia mwani uliojaa watoto wa kome wa midomo ya kijani, wadogo kama punje za mchanga. Mwani huo hukusanywa, hupakiwa kwenye malori na kupelekwa kuwa mbegu katika mashamba ya baharini. Kilimo cha kome cha nchi hiyo kimesimama kwa sehemu kubwa juu ya zawadi hiyo ya mawimbi.

Mbegu nyingine imefika hadi kisiwa cha Stewart, upande wa kusini kabisa. Swali langu linaanzia hapo. Waliochunguza vinasaba vya kome hao wamekuta makundi mawili, la kaskazini na la kusini, na mpaka wao uko kusini kidogo ya mlangobahari wa Cook. Spishi ni moja, Perna canaliculus. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na kwenye sahani vilevile. Lakini kome humwaga mayai na mbegu za kiume majini, na shamba la baharini halina ukuta. Anayepeleka kome wa kaskazini kusini, je, anamkosea nani?

Jibu jepesi ni kwamba hamkosei yeyote. Kome hajui kwamba yeye ni wa kusini. Mkulima ana mkopo wa kulipa na vibarua wanaomtegemea. Tena wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; damu mpya huenda ikawa dawa. Hoja hii naiheshimu, hasa kwa kuwa maneno "mwenyeji" na "mgeni" yakihamia kwa binadamu yamewahi kumwaga damu. Sitaki kutetea usafi wa ukoo, hata wa kome.

Ila mgeni wa methali hubisha hodi, na akichosha huaga. Vinasaba vikishachanganyika havirudi kwao. Kinachoweza kupotea ni kumbukumbu: vizazi na vizazi vya maji baridi vikichuja nani aishi na nani afe. Mkulima aliyekosa mbegu anaweza kufidiwa. Kumbukumbu hiyo ikifutika, hakuna wa kuiandika upya.

Hata kwetu jambo hili lipo. Mwani wa biashara ulioanza kulimwa Zanzibar mwaka 1989 ulitokana na mbegu za Ufilipino, na vinasaba vya asili ya Asia vimekutwa nje ya mashamba. Mwani huohuo umewapa wanawake wengi wa pwani fedha wanazozishika kwa mikono yao wenyewe. Siwezi kusimama mbele yao nikasema usingeletwa.

Kwa hiyo siombi marufuku. Naomba mzigo ubebwe na anayestahili. Anayehamisha mbegu ndiye athibitishe kwamba haidhuru, kwa sababu ufuo hauwezi kujitetea. Mbegu ya jirani itafutwe kwanza kabla ya ile ya mbali, hata ikigharimu zaidi. Na baadhi ya fukwe ziachwe bila kuguswa kabisa. Kutojua thamani ya kitu si ruhusa ya kukitumia chote.