Mlijua, Mkanyamaza

Sikieni, wazee wangu wa Ngomeni, nanyi kina mama na vijana. Mliitwa barazani, mkaketi chini ya mwarobaini, mkapewa soda na nauli, daftari likapitishwa mkono kwa mkono mkalitia sahihi. Hamkuuliza limeandikwa nini. Wengine wenu mlimtilia sahihi jirani ambaye saa hiyo alikuwa baharini. Daftari lile likapakiwa garini, likaenda kusomwa ofisini kama ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa kujenga shule. Wananchi gani? Walishirikishwa katika lipi? Dini zetu, ya msikitini na ya kanisani, zote zinahesabu ushahidi wa uongo kuwa dhambi, nasi tumeutoa kwa bei ya soda.

Msiniambie ni jambo dogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Miradi ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge hutakiwa isimamiwe na kamati ya mradi, na kamati hiyo ni watu wa hapa hapa. Wanazitafuta sahihi zenu kwa kuwa zinahitajika. Mngeweza kuzizuia mpaka mjibiwe.

Hebu nendeni mkauguse ukuta wa darasa lililojengwa kwa mchanga wa ufuoni. Mtaona plasta inamenyuka vipande vipande, na nguzo imepasuka toka juu hadi chini kwa mstari mmoja mwekundu. Chumvi imeingia ndani ya zege ikala nondo, nondo zikashika kutu zikavimba, zege likakosa pa kwenda likapasuka. Sisi tunaoishi kando ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa, nani atufundishe chumvi inavyokula chuma? Hakuna fundi pwani hii asiyejua kwamba mchanga wa kujengea huletwa kutoka mtoni, na ule wa baharini haufai mpaka uoshwe kwa maji matamu. Mkandarasi alichota wa ufuoni kwa sababu uko karibu, na lori la kwenda mtoni linakula mafuta. Mlimwona akipakia. Mlijua, mkanyamaza, mkasema huo ni mradi wa mheshimiwa.

Si mchanga tu. Wazee wanajua maji ya bamvua hufika wapi, na wanajua bahari imekula ardhi kiasi gani tangu utoto wao, lakini vigingi vya msingi vikipigwa mahali maji yatakapofika, wazee hao hao wanatazama tu. Ramani imechorwa mbali, na mtu asiyejua kusi inavuma kutoka wapi na kaskazi kutoka wapi: madirisha madogo, upande usio na upepo, mabati bila dari. Ikifika saa tano mtoto hasikii tena anachoambiwa na mwalimu, anasikia joto. Mliojenga nyumba zenu zikawa na upepo, kwa nini hamkufungua kinywa?

Magarini hii ilikwisha kuonywa. Toka miaka ya 1970 hadi ya 1980 serikali ya Australia ilifadhili mpango mkubwa wa makazi na kilimo hapa kwetu. Wataalamu walikata mashamba, wakatafuta maji chini ya ardhi, wakaleta kilimo kisichofuata udongo wala mvua ya huku. Wakulima wa Kigiriama, waliojua ardhi hii hupumzishwa vipi, hawakusikilizwa. Mpango ukafungwa bila kutimiza ulichoahidi. Na kule baharini, mitambo ya San Marco tunayoitazama toka ufuoni iliwekwa na Waitaliano miaka ya 1960, ikarusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Ile haikuwa yetu. Shule ni yetu, na watakaoketi ndani yake ni watoto wetu, si wa Roma wala wa Canberra.

Wala sisemi zamani palikuwa peponi. Jomo Kenyatta aliponadi harambee mwaka 1963, wazazi walijichanga, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee nchini zilizishinda kwa wingi zile za serikali. Lakini kuna machifu waliomnyang'anya mjane mbuzi kwa jina la mchango, na wanasiasa waliogeuza harambee kuwa mnada wa sifa. Ikaja elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, haki ya mtoto, nami naishukuru. Hapo tukaacha kutoa pesa, na pamoja na pesa tukaacha kuuliza.

Na mzigo uliobaki tumewatwika wanawake. Ndoo za maji ya kukorogea saruji ziko vichwani mwao. Waume zao wako maskani wanasukuma bao. Kamati ikitajwa majina, mama hao hawamo. Nanyi wafadhili na waheshimiwa, mnazihesabu ndoo zile katika ripoti zenu kuwa mchango wa jamii, mkazitia bei, ilhali mama aliyezibeba hamjamwonyesha hata siku moja mradi wote umegharimu shilingi ngapi. Huo ni wizi wa jasho.

Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Langata Road, Nairobi, walirushiwa mabomu ya machozi wakidai uwanja wao ulionyakuliwa. Pwani hii, ambako watu wamezikwa pamoja na babu zao katika ardhi isiyo na hati, nani kati yenu ameiona hati ya kiwanja cha shule ya mwanawe? Mnangoja kiwanja hicho nacho kizungushiwe ukuta ndipo mwulize?

Daftari likija tena, lisomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Baraza liitwe Ijumaa baada ya swala, wavuvi wakiwa nchi kavu, si asubuhi ya Jumanne kwa sababu ndiyo siku ofisa ana gari. Idadi na bei ya kila mfuko wa saruji na kila bati zibandikwe msikitini na kanisani. Kamati iwe na wanawake waliobeba maji, na fundi wa hapa awe na neno juu ya mchanga na madirisha. Mkikataliwa hayo, msitie sahihi. Mtatishwa kwamba mradi utahamishiwa Gongoni. Waacheni wauhamishe, na siku hiyo hiyo tumeni watu Gongoni wakawaambie wenzenu kile maofisa walichotaka kuwafanyia ninyi, ili nao wasitie.