Je, Beseni ni Beseni Tu?

Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja wa mkoa wetu wa Katavi, tulifanya harambee ya kumalizia paa la kanisa jipya. Wageni walifika kutoka mitaa yote, wengine kwa baiskeli, wengine kwa bodaboda, na akina mama waliwasha mafiga tangu alfajiri. Wakati wa chakula, bibi mmoja mzee alifika kwenye meza, akasimama mbele ya maharage, akaweka sahani yake chini na kuondoka bila kula. Tulimfuata. Tulimkuta amekaa chini ya mwembe, analia.

"Bibi, kuna nini?"

"Baba Mchungaji, wameweka maharage kwenye lile beseni. Ni lile lenyewe."

Lilikuwa beseni la bati lililopakwa rangi nyeupe, ukingo wake wa bluu umebanduka. Tangu siku za kanisa la udongo, ndilo lililotumika kubatizia. Kanisa jipya lilipopata stendi ya ubatizo ya mbao ya mninga, yenye bakuli jipya linalong'aa, beseni la zamani liliwekwa stoo, na kutoka stoo likafika jikoni. Hakuna aliyeagiza, na hakuna aliyekataza.

Tulimjibu kama tulivyofundishwa chuoni. "Bibi, ni beseni tu. Utakatifu hauko kwenye bati."

Akatutazama. "Kwenu ni beseni. Mwanangu alipougua, mwinjilisti alikuja nalo usiku nyumbani, akambatiza kitandani. Siku ya tatu tukamzika. Kaburi lake leo ni shamba la mtu. Picha yake sina. Nilikuwa na lile beseni."

Ndugu msomaji, jibu letu halikuwa na kosa la mafundisho. Luther katika Katekisimo Ndogo anafundisha kwamba maji peke yake hayafanyi neno. Yanayotenda ni Neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayolishika Neno hilo. Kama maji yenyewe si kitu pasipo Neno, je, si zaidi bati lililoyabeba? Hata hivyo tuliondoka pale tukijua kwamba tumemkosea mama yule. Tangu siku hiyo swali hili limekaa nasi: kitu kilichotumika kwa ajili ya Mungu, kikiisha kutumika, ni nini?

Si swali la Wakristo peke yao. Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanakiri kwamba Mungu hakai ndani ya kuta. Sulemani, siku ile ile ya kuliweka wakfu Hekalu, alikiri kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga (1 Wafalme 8:27). Stefano alisema hivyo hivyo, na akafa kwa ajili ya maneno yake. Waislamu nao hufundishwa kwamba ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia. Hata hivyo, wote watatu wamejenga, wamechonga, wamevua viatu au wamevaa majoho. Mwislamu wa Mpanda akisimama kuswali huelekea kaskazini, akiinamia kidogo mashariki, iliko Makka. Myahudi akipita Mpanda na kutaka kusali kwa kuelekea Yerusalemu, angesimama karibu upande ule ule. Mungu yuko kila mahali, lakini mwili wa mwanadamu hauwezi kuelekea kila mahali kwa wakati mmoja. Lazima ugeukie upande fulani.

Tutazame basi jinsi kila mmoja anavyotendea vitu vyake vilivyochakaa. Wayahudi hawatupi gombo la Torati lililoisha. Huliweka mahali maalumu, kisha hulizika kwa heshima, kama mtu. Katika sinagogi moja la Cairo ya kale maandishi ya namna hiyo yalirundikwa kwa karne nyingi, na yalipofunguliwa mwishoni mwa karne ya 19 zilipatikana sala, hati za ndoa, barua za biashara, hata karatasi za watoto waliokuwa wakijifunza herufi. Waislamu nao hawaichanganyi Kurani iliyochakaa na takataka. Huizika au huichoma kwa adabu. Na sisi Walutheri? Ukweli ni kwamba mara nyingi tunapeleka stoo.

Hata hivyo, Biblia yenyewe inatuonya pande zote mbili. Katika Yoshua 4, Mungu anaagiza mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake wazazi wapate nafasi ya kusimulia. Kumbe kuna mawe ambayo kazi yake ni kuulizwa tu. Lakini katika 2 Wafalme 18:4 tunasoma habari za nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu, naye akawa njia ya watu kupona. Walimtunza kama kumbukumbu, kisha wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Hakuvunja sanamu ya Baali, bali kitu ambacho Mungu mwenyewe aliagiza kitengenezwe.

Tofauti iko wapi kati ya mawe ya Yordani na nyoka wa shaba? Tunadhani ni hii: jiwe lilimfanya mtoto aulize Mungu alitenda nini, nyoka alimfanya mtu aache kumwuliza Mungu. Kimoja kinatukumbusha neema iliyokwisha kutolewa bure. Kingine tunakishika ili tuipate neema kwa nguvu, kama mtu anayeshika ufunguo wa ghala.

Hofu hiyo si ya zamani tu. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa Watanzania wenzetu, wenye magonjwa na shida kama zetu, na hatuwasimangi. Lakini pale mafuta yalipogeuka kuwa mlango ambao ni lazima uuwahi kabla haujafungwa, jirani akawa kikwazo cha kukanyagwa. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza kwa kila kitu kinachoitwa kitakatifu: kinamfanya jirani awe nani kwako?

Sisi wa Katavi hatuwezi kulijadili jambo hili kana kwamba ni la wageni. Jina la mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2012, na la hifadhi yetu ya taifa linatokana na Katabi, ambaye katika mapokeo ya Wabende ni roho akaaye kwenye mti wa mkwaju kando ya ziwa Katavi. Wapo waliokwenda, na wapo wanaokwenda, kuweka sadaka chini ya mti ule. Mhubiri anaweza kuupigia kelele mti ule kila Jumapili. Lakini mtu aendaye pale anasema jambo ambalo mahubiri yetu mara nyingi yamelisahau: kwamba mwanadamu anahitaji mahali pa kupeleka shida yake kwa miguu. Tukimwambia aache mkwaju, kisha tukamwambia kwamba kanisani pia hakuna kitu ila matofali na bati, tumemwacha njiani. Hatumwombi abadilishe mti kwa jengo. Tunamwita kwa Kristo, lakini Kristo huyo alichagua kuja kwa maji, mkate na divai, vitu vya kushika kwa mkono.

Wala mahali si patakatifu kwa asili yake. Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kulijengwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1879, ikapewa jina la mfalme Leopold. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, na palipokuwa ngome pakawa misheni. Huko ndiko alikohudumu kama daktari kwa zaidi ya miaka 60 Adrien Atiman, mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na baadaye kukombolewa. Kule Mkunazini, Zanzibar, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka ule ule siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana. Husimuliwa kwamba madhabahu yake iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Hakuna aliyeona udongo ule umebadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho Neno la Mungu linafanya juu yake.

Na mahali pakiondolewa, imani haiondoki. Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale, walipigwa marufuku kuabudu wakati wa Idi Amin. Wengi waliacha, na wachache wakaendelea kwa siri. Hapa kwetu, Katumba na Mishamo, ndugu waliokimbia Burundi walifika mikono mitupu, na leo makanisa yamejaa. Wote hawa wanatufundisha kwamba tunaweza kuishi bila jengo. Lakini waulize kama walisahau walichoacha.

Luther naye alipita kati ya hatari hizi mbili. Mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipokuwa wakivunja sanamu na picha makanisani, aliacha maficho yake Wartburg, akarudi na kuhubiri siku nane mfululizo. Hakutetea kuabudu picha. Alisema kuwa nazo au kutokuwa nazo ni jambo la uhuru, lakini uhuru usio na upendo kwa mwenye imani dhaifu si uhuru wa Kikristo. Hapo ndipo tulipojiona. Tulikuwa tumemwambia bibi jambo la kweli bila upendo. Tulitumia uhuru wetu kama nyundo.

Lakini haki ya bibi haikuwa peke yake mezani. Mama aliyesimamia jikoni alipopata habari alikuja kwetu kwa uchungu. "Mchungaji, sufuria zilikuwa hazitoshi. Nililiosha kwa maji moto mara mbili. Wageni walikuwa na njaa. Je, chakula cha watu wa Mungu ni uchafu?" Hatukuwa na jibu la haraka, kwa sababu naye alikuwa na Maandiko upande wake. Danieli 5 inamhukumu Belshaza kwa kunywea divai vyombo vya Hekalu, lakini yeye alivinywea kwa kiburi, akiisifu miungu yake. Nabii Zekaria, katika mistari ya mwisho ya kitabu chake, anaiona siku ambayo vyungu vya kupikia vitakuwa kama mabakuli ya mbele ya madhabahu, na kila chungu cha Yerusalemu na Yuda kitakuwa kitakatifu kwa Bwana. Zekaria hashushi bakuli la madhabahu hadi jikoni. Anapandisha chungu cha jikoni hadi madhabahuni. Mama wa jikoni alikuwa ametangulia kidogo siku ile ya Bwana.

Kosa basi halikuwa lake. Lilikuwa letu, tuliolipeleka beseni stoo bila neno, bila sala, bila kuuliza ni nani aliyebatizwa humo. Kitu kilichobeba ahadi ya Mungu hakina nguvu ndani yake, lakini kina watu ndani yake. Kukitunza ni kuwatunza watu hao.

Baraza la wazee lilikaa. Wengine walitaka beseni liwekwe kwenye kabati la kioo. Wengine walitaka lizikwe, kama Wayahudi wanavyozika magombo yao. Mzee mmoja akasema, "Tumwulize mwenyewe." Tulikwenda kwa bibi, tukampa shikamoo, tukaomba radhi kwanza, kisha tukauliza.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kama ule mtaa mpya, unaosalia chini ya mti, una chombo cha kubatizia. Tukamwambia hauna.

"Basi lipelekeni huko," alisema. "Ila msilipeleke kimya kimya. Waambieni habari zake."

Tukafanya hivyo. Jumapili ya ubatizo wa kwanza katika mtaa ule, kabla ya kumimina maji, tulisimulia habari za usiku ule, mwinjilisti, na mtoto aliyebatizwa kitandani. Bibi alikuwepo, amekaa kwenye mkeka mbele. Mtoto mmoja akaliuliza beseni kwa sauti kwa nini limebanduka rangi, na mama yake akamnyamazisha. Tukamwomba asimnyamazishe.