Barafu, Jina na Kileo

Mloka, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, vinywaji vya aina mbili vinakaa karibu karibu. Kwenye kambi za watalii kando ya mto Rufiji, jua likizama, mgeni huletewa mojito au piña colada, vyote vya ramu. Kijijini mtoto hununua barafu ya ukwaju au ya ubuyu, akang'ata kona ya kimfuko cha nailoni na kufyonza. Tuseme mtu azijuaye ladha zote mbili akaziunganisha: agandishe ndimu na nanaa aite mojito, agandishe nanasi na tui la nazi aite piña colada, bila tone la ramu. Je, Muislamu ale? Na akitia ramu kidogo, kuganda kunaiondolea ramu hukumu yake? Kwangu maswali haya yana jibu la namna moja: hukumu hufuata kilichomo. Umbo na jina havina uwezo wa kuibadili.

Nianze na ramu, maana hapo ndipo watu hujidanganya kwamba barafu hulambwa, hainywewi. Mtume (S.A.W.) amepokewa akisema kuwa kila kilevyacho ni haramu, na kwamba kile ambacho kingi chake hulevya, hata kichache chake ni haramu. Hakuuliza kama ni cha majimaji au kigumu. Tena kileo chenyewe huganda kwenye nyuzi 114 hivi chini ya sifuri, ilhali friza ya nyumbani hufika kama 18 tu. Kinachoganda ni maji. Kileo hubaki majimaji kati ya chembe za barafu. Afyonzaye barafu ya ukwaju anaijua hali hii: utamu hutoka kwanza, mwisho mkononi hubaki kibonge cheupe kisicho na ladha. Atakayefyonza barafu ya ramu ataanza na ramu. Wapo watakaotaja siki, kwamba katika madhehebu ya Shafi'i, yaliyoenea pwani yetu, pombe iliyogeuka siki yenyewe huwa tohara. Ni kweli, lakini siki hairudi kuwa pombe. Barafu ikiyeyuka, ramu ni ile ile.

Sasa jina. Imepokewa pia kwamba watakuja watu watakaokunywa pombe wakiipa jina jingine. Basi kama jina zuri haliwezi kuihalalisha pombe, kwa nini jina la kigeni liliharamishe nanasi? Na piña colada kwa Kihispania ni nanasi lililochujwa tu. Ramu haimo hata kwenye jina. Sisi wenyewe tumezoea kupima kwa kilichomo: togwa hunywewa na watoto, ikiachwa ikachacha na kulevya huepukwa, ingawa chungu ni kile kile.

Pingamizi zito linatoka kwa Imamu Ghazali. Katika kitabu chake cha Ihya anakataza watu kukaa kikao cha walevi, wakipangiwa vikombe na kuzungushiwa sharubati ya siki na asali kwa mtindo wa wanywaji, ijapokuwa sharubati yenyewe ni halali. Nalikubali neno lake lote. Lakini alichokiharamisha ni kile kikao, ile hamu ya kufanana na walevi. Mtoto anayelamba nanaa na ndimu juani, mwezi wa kaskazi kali, hamwigi mlevi yeyote. Muuzaji akiipamba barafu yake kwa picha ya chupa ya ramu ili inunuliwe kwa ajili ya picha hiyo, hapo amekiingiza kile kikao ndani ya kimfuko, na lawama ya Ghazali inamhusu.

Linalobaki kunitia wasiwasi ni mazoea. Aliyekua akiiita barafu ya nanaa mojito huenda siku moja akapewa yenye ramu asiulize. Hofu hii haiifanyi nanaa kuwa haramu, ila inamwekea muuzaji deni la ukweli. Mimi ningependa aiite nanaa na ndimu, basi. Akishikilia jina la kigeni, awe tayari kumjibu kila anayenyoosha sarafu yake, hata akiwa na miaka sita: humu mna nanaa, ndimu, sukari na maji.