Nyota Ionekanayo Moja Nayo Ni Sita: Onyo kwa Wenye Kutazamia Posa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi bila ya mshirika wala msaidizi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: Imeenea katika miji ya pwani ada ambayo wengi wameirithi kwa wazee wao, nayo ni kutazamia nyota kabla ya kujibu posa. Baba huletewa posa ya binti yake na kijana mwenye dini na kazi yake. Naye, badala ya kuuliza habari za sala yake na amana yake, hupeleka majina kwa mwenye kitabu cha falaki. Yule hulichukua jina la kijana na jina la mama yake, akazihesabu herufi zake kwa abjadi, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachosalia hukiita nyota yake. Hufanya vivyo hivyo kwa binti, kisha husema: "Huyu ni Jauza na huyu ni Akrabu, hawapatani." Basi posa ikarudishwa, kijana akavunjika moyo, na binti akakaa miaka nyumbani kwa babake, wala hana kosa ila jina alilopewa siku ya akika yake.

Na lau angalipewa jina jingine siku ile, nyota yake ingalikuwa nyingine! Basi mtazamiaji huyo hakutazama mbingu hata kidogo; ametazama herufi tu.

Yafaa basi kujua hiyo Jauza iliyoko mbinguni ni kitu gani. Mwenye macho na atoke baada ya sala ya Isha, mwezi wa Februari au Machi, aelekee kaskazini na ainue uso wake. Ataona nyota mbili zing'aazo zilizo jirani, nazo ndizo vichwa vya Mapacha. Ile ya kushoto, iliyofifia kidogo kuliko mwenziwe, Wazungu huiita Castor. Kwa jicho ni nyota moja. Kwa darubini ndogo ni mbili. Mwaka 1803 William Herschel, mwanachuoni wa nyota aliyekaa Uingereza, baada ya kuzipima miaka mingi, alibainisha kwamba mbili hizo hazikukaribiana machoni tu, bali zazungukana kweli. Na mzunguko wao mmoja huchukua zaidi ya miaka 400. Kisha waliokuja baada yake wakaichambua nuru yake kwa kioo kiipasuacho katika rangi zake, wakaona kila moja ya mbili hizo ni mbili tena, zizungukanazo kwa siku chache. Na kando yao iko nyota dhaifu iliyofungamana nazo, nayo pia ni mbili. Jumla yake ni sita, na nuru yake husafiri kiasi cha miaka 50 hata kuifikia ardhi.

Wala si hiyo peke yake. Mwezi wa Mei na Juni huonekana upande wa kaskazini, si juu sana, nyota saba ambazo Waarabu huziita Banat Naash. Ya katikati katika mkia wake ni Mizar, na ubavuni pake kuna nyota ndogo iitwayo Suha. Waarabu wa kale walikuwa wakiyajaribu macho yao kwa hiyo Suha, na Abdul-Rahman as-Sufi, aliyefariki mwaka 986, ameitaja katika kitabu chake cha nyota. Mwenye kuiona alijisifu kwa ukali wa macho. Lakini leo imejulikana kwamba Mizar ni nyota nne, na Suha ni mbili. Basi hata huyo mwenye macho makali alikuwa akiona mbili mahali pa sita.

Na iko Shiira, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Wako Waarabu wa zama za ujahili walioiabudu, na katika Sura ya Annajm, aya ya 49, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa Yeye ndiye Mola wake. Mwaka 1844 Bessel, mwanachuoni wa Kijerumani, aliona mwendo wake wayumba, akajua kuwa iko nyota nyingine iivutayo. Na mwaka 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani akaiona kwa darubini. Ukubwa wake wakaribia ule wa dunia hii, na uzito wake wakaribia ule wa jua. Nazo huzungukana kwa miaka 50. Walioisujudia hawakujua hata idadi ya walichokisujudia. Wala aya hiyo haikuteremshwa kufundisha hesabu ya nyota, bali kufundisha nani astahikiye kuabudiwa. Kila kilichodhaniwa kimoja chaonekana kina mwenzi. Asiye na mwenzi ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Huenda mtu akasema: "Basi mwenye falaki na ajifunze hizo sita, hukumu yake itasihi." La! Waliozihesabu wamezijua kwa jicho, kwa kioo na kwa hesabu, wala hawakukuta ndani yake riziki ya mtu wala ndoa yake. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Mwaka wa 10 wa Hijra jua lilipatwa siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume (S.A.W.), naye yumo katika msiba, aliwakataza kauli hiyo, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikujua kifo cha mwana wa Mtume, Jauza itajuaje posa ya binti wa fulani?

Elimu ya nyota ya kujulia kibla, na nyakati za sala, na njia ya chombo baharini, ni elimu njema, na wanavyuoni wameihimiza. Iliyoharimishwa ni ile ya kutabiria, nayo katika Hadithi imehesabiwa kuwa ni tawi la uchawi.

Basi baba aliyeletewa posa na aulize juu ya dini ya kijana na tabia yake, kama alivyoagiza Mtume. Na amtake shauri binti yake. Na asali rakaa mbili za istikhara. Na aliyekwisha kurudisha posa kwa ajili ya abjadi, mlango wa toba u wazi, na huenda kijana yule angali hajaoa.

Wabillahi taufiki.